Neno Nililokuharibia Mpwapwa

Mpendwa shemeji,

Shikamoo. Najua itakapofika huko Ulaya itakuwa imepoa. Ipashe moto kisha uipokee.

Hapa Chang'ombe wananiuliza, "Hivi shemeji yako bado anasomea vichaa?" Nawajibu kwa maringo: anasomea watu, vichaa ni nyinyi. Kisha nawauzia mitumba.

Unakumbuka uliponiajiri? Mtu wa Tanga wewe, Kigogo hujui hata cha kuombea maji, na kaka yangu, mumeo mwalimu, hatoki darasani kwake. Ukatafuta mkalimani wa kuzunguka naye vijiji vya Mpwapwa na fomu zako za utafiti wa chuo. Mimi niliyemaliza la saba kwa kusukumwa nikajipiga kifua: "Shemeji, Kigogo nimekitunga mimi." Ukacheka, ukaniamini. Hapo ndipo ulipokosea.

Fomu yako iliuliza: je, una huzuni isiyokwisha? Mimi mjuzi nikaitafsiri kwa neno letu la msiba. Kila mlango wakajibu, "Hapana, kwetu hajafa mtu." Wiki tatu tunajaza "hapana" tu! Nikakutania, "Wagogo tuna raha zetu, nenda kawapime Watanga."

Mpaka kwa yule bibi aliyekuwa akipukuchua mahindi. Naye alisema hapana, halafu akakugeukia na Kiswahili chake cha kuokoteza: "Msiba hakuna, mwanangu. Ila tangu mavuno moyo wangu haujaamka."

Kalamu yako ikasimama. "Shemeji, umekuwa ukiwauliza nini hawa watu?"

Nikakwambia. Chuo kilizingoja fomu zile mwisho wa mwezi. Ukichelewa, nafasi yako ya kwenda kusoma Ulaya anapewa mwingine. Nikakunong'oneza, "Zipeleke tu, nani atajua?"

"Bibi huyu atajua."

Ukazichana zote palepale. Nilidhani na mimi nimechanika kazi, kumbe ukasema, "Aliyepindisha ndiye atakayenyoosha." Tukarudi kijiji cha kwanza, kwa miguu, na swali la bibi: moyo wako umeamka? Lo, watu walivyoongea! Nafasi ikakupita, ukangoja mwaka mzima, na hukunitupia hata neno moja la lawama. Wasomi nawaona hapa mjini, mikoba kama magodoro. Wa kuanza upya kwa ajili ya neno la bibi, namjua mmoja tu.

Sasa sikia. Mama amenyamaza siku nyingi. Sahani anaisogeza tu. Majirani wanasema ni uzee. Jana nimekaa naye jikoni, utani nikauacha nje, nikamwuliza kwa Kigogo, "Mama, moyo umeamka?"

Alizungusha kikombe hadi chai ikapoa. "Bado," akasema. Kisha akaanza kunieleza, na hata mimi, shemeji, mdomo wote huu, nikasikiliza tu. Kesho nampeleka kwa yule daktari wa akili uliyenionyesha kabla hujasafiri. Amekubali.

Safari hii neno sikulikosea.

Baki salama. Ni mimi shemeji yako, uliyeninyoosha.