Tairi Lililopasuka Njia ya Nhica

Palma

Mama yangu Bi Mwanahawa,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, namshukuru Mungu, na naomba barua hii iwakute huko Lindi mkiwa hivyo hivyo. Goti lako vipi, bado linakusumbua unaposujudu? Nimesikia mvua imewazidi, mpunga umepona? Barua anakuja nayo Mzee Saidi, muuza samaki wakavu, anayevuka Rovuma kutoka huku Msumbiji wiki hii. Ningeweza kupiga simu, lakini ningelia, nawe ungekosa raha kabla hujajua sababu.

Kazi ipo. Tangu waseme gesi imeonekana huko baharini, Palma imejaa wageni na magari, na mimi bado naendesha lile gari la kupeleka maji kambi ya wapima ardhi, karibu na Nhica. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa kipara, nyuzi zinaonekana. Nilimwambia chefe wangu, msimamizi wa magari, mara mbili. Akanijibu, "Swalehe, hilo bado lina safari zake." Nikaendelea kuendesha. Hapo kosa ni langu, Mama, silifichi.

Alhamisi nilikuwa narudi na gari tupu. Pale Nhica akanisimamisha mkulima mmoja, Bakari. Mkewe, Zaina, alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mkunga wa pale kasema limemshinda, apelekwe hospitali. Haturuhusiwi kubeba watu. Nikawabeba, yeye, mkewe, na shangazi yake Zaina.

Hatukufika nusu ya njia, tairi likapasuka. Sikuogopa, maana spea ninayo na jeki ninayo. Nikalegeza nati tano. Ya sita ilikuwa imelika kona zote, spana inateleza tu. Nikaipiga kwa jiwe. Nikasimama juu ya spana kwa miguu miwili, Bakari naye akapanda. Haikutikisika. Ndani ya gari namsikia shangazi, "Vumilia mwanangu, wanamaliza." Hatukuwa tunamaliza.

Likaja gari la wageni. Dereva wake, mtu wa Beira, akashuka na spana yake, nayo ikateleza. Nyundo na patasi hakuwa nazo. Nikamwomba amchukue huyu mama tu. Akazungumza na wakubwa wake kwenye redio kwa Kireno, akarudi hanitazami usoni.

"Wamekataa, kaka. Nami nina watoto."

Akatuachia chupa mbili za maji. Si mtu mbaya.

Shangazi akafunga kanga mlangoni. Sisi tukakaa mchangani, tumegeukia upande wa pili. Mama, wewe umezalisha wanawake miaka yote hii, na mimi sikuwahi kukuuliza hata jambo moja. Nilimsikia Zaina, kisha sikumsikia. Shangazi akasema, "Wa kike." Tukangoja mtoto alie. Hakulia. Maji yale ya chupa ndiyo aliyooshewa.

Bakari alisimama, akaenda kwa miguu hadi mashamba ya mbele, akarudi na mzee mwenye nyundo na patasi. Nati ilikatika kwa mapigo machache tu. Nikafunga spea, nikawafikisha Palma. Zaina alikuwa amepoteza damu nyingi, wakamlaza, akapona. Mtoto tulimzika makaburi ya hapa, hana jamaa yeyote karibu yake.

Kesho yake chefe akaleta tairi jipya, moja hilo hilo. Hakuuliza nilimbeba nani. Nililifunga mwenyewe.

Jana Bakari kaja na mfuko wa karanga, wanarudi kwao. Nikamwambia sistahili. Akasema, "Kabla yako walipita watatu, hawakusimama." Akaomba niwapeleke, nikawapeleka. Tulipopita mahali pale, Zaina alijifunika uso, nami sikujua nipunguze mwendo au niongeze.

Nisalimie kaka Hamisi, mwambie nyavu alizoagiza nazitafuta. Msalimie shangazi Bi Somoe na majirani wote wa msikitini. Mke wangu Rehema mpe salamu zangu nyingi, ila barua hii usimsomee mpaka ajifungue. Nimehesabu miezi yake, na ruhusa ya kuja nimenyimwa. Mama, kaa naye karibu. Usilale nyumba nyingine.

Ni mimi mwanao,
Swalehe