Babu Yangu Hakumwacha Huru Mtu

Katy, Texas, Jumapili, 17 Mei

Joto limeanza mapema. Saa nne asubuhi vioo vya madirisha vilikuwa vimeshaloa jasho kwa nje, na mimi nilikuwa bado nimevaa kanga, nabishana.

Nabishana na Mutiso. Ni Mkenya wa Fort Worth, mhasibu, mtu mwenye adabu tukionana ana kwa ana. Kwenye kundi letu la simu, la Waswahili wa Texas, hana adabu hiyo. Tangu Alhamisi anashikilia kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani havikuhusu utumwa. Anasema vilihusu kodi na haki za majimbo.

Ijumaa niliweka tamko la Texas lenyewe la kujitoa katika Muungano, la 1861. Wameandika sababu zao kwa mkono wao, na utumwa umetajwa waziwazi, tena na tena. Nilidhani yamekwisha.

"Madam journalist, wewe una-paste tu documents," akajibu. "Wakwe zangu ni watu wa hapa Texas. Ancestors wao walikuwa wanapinga slavery, na bado wakaenda kupigania South. Explain hiyo."

Nikamweleza kwamba sababu ya askari mmoja kwenda vitani si sababu ya vita. Akaniuliza swali jingine.

"Sawa. Na nyinyi watu wa pwani? Nani alikuwa anatuuza sisi watu wa bara?"

Watu wakacheka kwa vikatuni. Nikaandika bila kusita kwamba babu wa baba yangu aliwaacha huru watumwa wake wote kabla serikali haijaamuru. Watu wakapongeza. Mmoja akaandika mashaallah.

Nimefanya kazi ya habari miaka thelathini na moja. Sijawahi kupeleka kwa mhariri habari yenye chanzo kimoja. Hii ilikuwa na chanzo kimoja, baba yangu, naye alikuwa mjukuu wa mtuhumiwa.

Jana mchana alinipigia Mwanahawa. Si jina lake halisi, na mji wetu wa pwani sitautaja. Anaishi Sharpstown, si mbali na hapa, tumekua pamoja, na siku zote nimemtambulisha kwa watu kama ndugu yangu.

"Dada, ile ya babu ifute."

"Kwa nini?"

"Si kweli. Bibi yangu kazaliwa uani kwenu. Hakuna siku aliyoitwa akaambiwa nenda." Akaendelea: "Mama yangu akichota maji kwenye misiba yenu, wewe ulidhani anapenda maji?"

Nimeiona familia yao ikichota maji, ikichimba kaburi, ikisimamia masufuria, katika kila msiba na kila harusi yetu tangu nikiwa mtoto. Niliwaona ni watu wenye moyo. Sikuwahi kuuliza kwa nini moyo huo haukuwahi kwenda upande wa pili, sisi tukachota maji kwao.

Nikamwambia nitaandika masahihisho.

"Usiandike. Futa tu, unyamaze. Mwanangu anaposwa, na wale watu wamo humo kundini. Ukiandika kulikuwa na watu uani, wataanza kuuliza ni kina nani."

Nikampigia shangazi, aliyebaki nyumbani. Alikohoa kwanza.

"Hayo hayasemwi, mwanangu."

Kisha akayasema. Amri ya Mwingereza ya kuondoa utumwa ilipofika, babu alikaa nayo. Baadhi ya watumwa wake walisikia sokoni, baada ya miezi. Waliobaki walibaki kwa sababu shamba lilikuwa lake na nyumba ilikuwa yake. Hapa Texas nimeandika mara kadhaa juu ya watumwa wa hapa waliofichwa habari ya uhuru wao zaidi ya miaka miwili, mpaka 1865, na nimewauliza vizazi vya mabwana zao maswali makali. Mmoja alilia. Niliandika kwamba alilia.

Kwa hiyo nina vyanzo viwili sasa.

Kufuta kimyakimya ni kuacha uongo kwa wote waliokwisha kuusoma. Kueleza yote ni kumwuza Mwanahawa, na posa ya binti yake pamoja naye. Nimekaa na jambo hili tangu jana, na sikupata njia ya tatu iliyo safi. Nilipata masahihisho mafupi tu. Leo saa sita nilimsomea Mwanahawa kwenye simu kabla ya kuyatuma. Alinifanya niondoe neno "uani" na neno "majirani". Kisha akasema, "Haya."

Niliandika: Nilichosema kuhusu babu yangu si kweli. Alimiliki watu na hakumwacha huru mtu mpaka alipolazimishwa. Kosa ni langu.

Mutiso hakukawia. "So nilikuwa right."

"Kuhusu babu yangu, ndiyo. Kuhusu vita, hapana."

Halafu mtu mmoja akauliza hao watu wako wapi sasa. Nikajibu kwamba hilo si langu kulisema, na kwamba atakayeendelea kuuliza aniulize mimi nilikotoka, si alikotoka mwingine. Kundi likanyamaza. Baadaye mtu akaweka tangazo la nyumba ya kupanga.

Sijui kama kimya kile kitadumu. Wale wanaomposa binti wa Mwanahawa nao wamesoma. Hawajasema neno.

Jioni hii umefika ujumbe wa Mwanahawa. Kila Idd huja hapa Katy akitoka zamu, anavua viatu, anaingia jikoni moja kwa moja kupika. Sijawahi kumwomba aingie. Sijawahi kumwomba akae na wageni.

"Idd nitakuja na watoto. Jikoni siingii."

Nimejibu, "Sawa."

Nimewaalika watu arobaini, na sijawahi kupika pilau ya zaidi ya watu sita. Kesho baada ya kazi naanza kujifunza.