Kipakatalishi Kilichokataa Kuzimika

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika kituo cha polisi mjini Kakamega, Jumatano tarehe 18 Juni 2025, kuanzia saa nane mchana.

Jina: Isaiah Shikanga
Umri: Miaka 71
Kazi: Mwalimu mstaafu wa Kiswahili na muziki
Makazi: Mtaa wa Shieywe, Kakamega

Nimefika kituoni kwa hiari yangu baada ya kusikia kwamba jina langu limetajwa katika lalamiko dhidi ya Maximilla Navalayo, mwenye umri wa miaka 24, ambaye nilimfundisha muziki tangu akiwa kidato cha kwanza. Lalamiko linasema kwamba katika mashindano ya Jumamosi iliyopita hakupiga ala yoyote, bali alifungulia wimbo uliorekodiwa, na kwa hila hiyo kikundi chake kikapata ushindi. Kipakatalishi chake kimezuiliwa hapa kama kielelezo. Kikundi kinatarajiwa kupanda jukwaani Kisumu Jumamosi hii, na bila chombo hicho hakiwezi kwenda. Nitaeleza mambo kwa utaratibu, wala sitaficha hata lile linaloweza kumdhuru.

Mlalamishi ni Phanuel Were, mwenye umri wa miaka 73, aliyekuwa mwamuzi mkuu. Tunajuana. Kwa miaka ishirini na minane yeye aliimba, nami nikampigia ngoma ya isukuti, katika harusi na matanga, kuanzia hapa mjini hadi Mautuma. Tuliacha mwaka wa 2022, viungo vya vidole vyangu vilipoanza kuvimba. Tangu hapo sijapiga ngoma.

Nianze na lile lenye kudhuru. Were amesema kwamba ngoma aliyoisikia ukumbini ni mkono wangu. Amesema kweli. Mnamo Novemba 2021, kwa alasiri tatu, Maximilla alikuja nyumbani kwangu na kinasa sauti. Tuliwafungia kuku ili wasitupigie kelele, nikaipiga ngoma pigo moja moja: kiganja katikati ya ngozi, vidole ukingoni, kwa nguvu, kwa upole. Yalikuwa mapigo mia mbili na kumi. Sikupiga wimbo wowote siku hizo. Yeye aliyaingiza mapigo hayo katika programu, kila aina ya pigo ikapewa kitufe chake kwenye kinanda. Kinanda chenyewe hakina sauti. Akibonyeza kitufe, kipakatalishi ndicho kinachotoa pigo. Mimi nilitoa herufi. Barua anaiandika yeye.

Sasa nieleze jinsi chombo hicho kilivyopatikana, kwa maana lalamiko limesimama juu yake.

Mnamo tarehe 7 Desemba 2024 tulikuwa kwenye harusi huko Kabras. Kipakatalishi cha kwanza cha Maximilla kilianza kutoa mikwaruzo, kisha kikanyamaza kabisa bibi harusi akiwa mlangoni mwa kanisa, mguu mmoja hewani. Waimbaji walimalizia kwa makofi. Mtu mmoja nyuma yangu alisema, "Ngoma ya ngozi haiishangi chaji." Watu walicheka. Siku ya pili yake Maximilla alikuja kwangu akasema, "Mwalimu, mimi naacha." Nilimjibu kwamba kosa ni la chombo, na chombo huchaguliwa. Alikaa wiki nyingi bila kugusa kinanda.

Mnamo Jumatatu tarehe 3 Machi 2025, saa tatu asubuhi, tuliingia katika duka la kompyuta la kijana anayeitwa Elvis, karibu na soko la mji. Elvis alituletea kipakatalishi chembamba, chenye vitufe vinavyowaka taa za rangi mbalimbali.

"Mwalimu, hii ndiyo moto!" alisema.

"Moto ndio ninaouogopa," nilimjibu.

Nilimwagiza Maximilla aunganishe kinanda chake na kile kisanduku kidogo kinachopeleka sauti kwenye spika. Nilimwambia abonyeze kitufe cha ngoma wakati uleule ambapo nagonga meza kwa kalamu. Nilitaka kusikia mlio mmoja. Chombo kile chenye taa kilitoa milio miwili: kalamu yangu kwanza, ngoma baadaye. Cha pili, vivyo hivyo. Mpiga ngoma anayesikia pigo lake baada ya kulipiga atapotea kabla ya ubeti wa pili. Elvis alisema tofauti hiyo ni ndogo, hakuna mtu atakayeisikia. Nilimwambia kwamba nimeisikia.

Chini ya rafu niliona kipakatalishi cheusi, kinene, chenye mikwaruzo kifunikoni. Nikauliza habari zake.

"Hiyo ni ya ofisi, mzee. Ni nzito kama gunia ya mahindi. Vijana hawaitakangi."

Maximilla alikikagua. Kilikuwa na kumbukumbu ya kutosha, na diski yake haina kitu kinachozunguka, hivyo mtikisiko wa jukwaa haukisumbui. Alikiunganisha. Nikagonga meza. Mlio mmoja. Nikagonga tena kwa ghafla, bila kumwonya. Alinifuata kwa macho, mlio mmoja. Nakiri kwamba nilisimama nikapiga kelele, hata wapita njia wakachungulia dukani. Elvis alisema, "Mwalimu, kwani umeshinda jakpoti?"

Hata hivyo sikuridhika. Nilimwambia Maximilla apige huku nikitikisa kila waya mahali ulipochomekwa. Hakuna uliolegea. Kisha tulikitoa nje barazani, juani, bila umeme wa ukutani, naye akapiga mfululizo kuanzia saa sita hadi saa tisa. Elvis alikuja mara kwa mara kutazama. "Mzee, unaichoma kama mahindi?" Nilipoweka kiganja chini yake kilikuwa na joto, lakini si la kuunguza, na betri ilikuwa na nguvu bado. Sauti haikukatika hata mara moja. Maximilla alikilipia, na palepale tulizima mtandao na kila programu yenye tabia ya kujiamsha yenyewe. Nilimwambia Maximilla, "Jukwaani kijue kazi moja tu." Alicheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Desemba.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Juni 2025 nilifika ukumbini saa nane kamili mchana. Sharti la mashindano lilikuwa kwamba kila ala ipigwe kwa mikono mbele ya watu. Vikundi viwili vilivyotangulia vilikuwa pia na tarakilishi. Ya kwanza ilizimika umeme ulipoyumba. Ya pili iliandika kwenye skrini kwamba inajisasisha na kwamba isizimwe. Hadhira ikaanza kuhesabu nayo kwa sauti, asilimia kwa asilimia, hadi thelathini na nne, wenyewe wakashuka jukwaani. Were alisema kutoka meza ya waamuzi, "Chombo ya ukweli hukwamanga!" Watu wote walicheka, na mimi pia.

Saa tisa na dakika kumi kikundi cha Maximilla kilipanda. Mwimbaji kiongozi alikuwa Tyson, mjomba wake. Mimi nilikaa safu ya pili, hatua nne kutoka kwenye kinanda, na mikono ya Maximilla niliiona wakati wote. Saa tisa na dakika kumi na nne umeme ulipotea. Spika zilinyamaza. Skrini ya kipakatalishi iliendelea kuwaka. Maximilla aliinua mikono, akaiacha hewani, huku waimbaji wakiendelea kwa makofi. Were alitoka mbio kwenda kuwasha jenereta nyuma ya ukumbi. Baada ya muda usiozidi dakika moja spika zilirudi, na Maximilla akashusha mikono juu ya neno lilelile alilokuwa akiliimba Tyson. Hakusubiri ubeti uanze upya. Kama ungekuwa wimbo uliorekodiwa, ungeendelea wenyewe ndani ya kipakatalishi muda huo wote, na kurudi ukiwa umeachana na waimbaji.

Were hakuliona hilo. Jenereta ilikuwa ikikohoa na mwendeshaji wake ameenda kula, kwa hiyo alibaki nje akiishikilia hadi mwisho wa wimbo. Yeye mwenyewe aliniambia hivyo baadaye mlangoni. Alisikia ngoma kupitia ukutani.

Wakati huo aliingia Mama Rosebella, mlezi wa kikundi, mwenye umri wa miaka 86. Kwetu, mgeni wa heshima akiingia, wimbo haumalizwi. Hurudi kumpokea mpaka aketi. Tyson aliugeuza wimbo, akaanza kumsifu kwa jina. Kutoka mlangoni hadi kiti chake ni hatua kama thelathini za mtu mzima mwenye afya. Mama Rosebella hutembea kwa mkongojo, naye hupiga hatua, husimama, hupumua. Kila mkongojo ulipogusa sakafu, ngoma ilitoa pigo zito. Aliposimama kumsalimu mtu, ngoma ilibaki ukingoni, vidole vidogo vidogo, ikimngoja. Aligundua. Aligeuza kichwa kuitafuta ngoma iliko, asiione. Kisha akagonga mkongojo mara mbili upesi, na ngoma ikamjibu mara mbili. Akagonga mara tatu. Ikamjibu mara tatu. Ukumbi mzima ulisimama. Mimi nilisimama, nikawa napiga paja langu kwa vidole hivi visivyokunjika, na mwalimu mwenzangu aliyekaa kando akaniuliza kama mimi ni mzima. Ilichukua dakika sita. Yalikuwa mapigo yangu mwenyewe, yale ya 2021, lakini sikujua litakalofuata, nami sijawahi kufurahi namna hiyo. Hakuna mtu aliyerekodi magoti ya Mama Rosebella.

Baada ya matokeo kutangazwa kwa kura mbili za waamuzi wenzake, Were alinikuta mlangoni.

"Isaiah, hiyo ni mkono yako. Mimi siwezi kuikosea."

"Ni mkono wangu, Were. Wimbo si wangu."

"Basi ni rekodi. Stima imepotea, za wengine zote zimezima, yake peke yake inawaka? Ya nini hiyo?"

"Tulikichagua kisizimike."

"Umezeeka vibaya," alisema, akaondoka. Hatujasemezana tangu siku hiyo.

Naomba jambo moja. Were ameketi kwenye benchi hapo nje, na Maximilla yupo mlangoni na kinanda chake. Kipakatalishi kiwashwe hapa ofisini, Were aimbe wimbo wowote autakao, na aubadilishe apendapo bila kumwambia Maximilla. Ngoma isipomfuata, Maximilla ashtakiwe, na mimi niandikwe kando yake.

Niliyoyasema ni yale niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa yote, nami nayakubali kuwa ya kweli.

Sahihi: I. Shikanga

MAELEZO YA AFISA
Nimeyaandika maelezo haya na kumsomea shahidi, naye ametia sahihi mbele yangu. Saa tisa na dakika ishirini kielelezo kilifunguliwa katika ofisi ya ripoti, mbele ya mlalamishi, mshukiwa na shahidi. Kiliwaka bila tatizo. Spika ya redio ya ofisi ilitumika. Mlalamishi aliimba wimbo aliouchagua mwenyewe. Alibadilisha mwendo mara nne, na mara tatu alinyamaza ghafla. Ngoma ilinyamaza pamoja naye. Mikono ya mshukiwa niliiona muda wote. Aliponyamaza mara ya tatu, mlalamishi hakumtazama mshukiwa bali shahidi, kisha akaendelea kuimba. Saa tisa na dakika thelathini na tano alitamka kwamba ameondoa lalamiko. Kielelezo kimerudishwa kwa mwenyewe. Hati ya kuondoa lalamiko ilitiwa sahihi saa kumi na dakika tano, kwa kuwa ilinibidi kumwomba mlalamishi mara tatu aache kuimba.

Koplo Alice Jepkorir