Flashi ya Bibi Msiiguse

Wanangu,

Naandika huku naifunga ile flashi nyeusi kwenye leso. Chakula kiko jikoni, kipasheni moto. Flashi msiiguse. Ina nywila, na mtu akikosea mara kumi inajifuta yote. Asubuhi, kwa kubahatisha tarehe zenu za kuzaliwa, mmekwisha kukosea mara nane. ~~Jaribuni moja tu~~ Hapana, msijaribu tena. Humo mna sauti ya marehemu bibi yenu, na nakala nyingine sina. Kosa hilo ni langu.

Dada yenu mkubwa alinicheka: "Baba, umefunga mlango ukameza ufunguo?" Nikamjibu: sikuumeza, mama. Nywila hiyo naijua kwa vidole, kichwani haimo, na nikiwa macho vidole navyo vinapotea. Nilipojilaza baada ya chai niliota mikono yangu inaichapa juu ya shuka, polepole, bibi yenu akihesabu herufi kando yangu. Tulipofika ya saba, mtu akabisha hodi, nikaamka.

Hizo saba ninazo, ila siziandiki hapa. Zimebaki herufi tano. Sasa naenda kazini. Kesho baada ya chai nitajilaza tena, na atakayepita ukumbini avue viatu.

Baba