Dereva wa Mlimani Amepatikana

Avelina,

Dereva wa mlimani amepatikana. Nimeanza na hilo, salamu zitafuata, maana nakujua: barua ya pole na maua ungeiruka mpaka ufike kwenye kazi.

Nina hasira na wewe. Wacha niseme liishe. Ulituacha katikati ya raundi ya kazi, wiki moja imekwisha na moja imebaki, kadi ya kazi yako iko ukutani pale chuoni kwenye safu ya "Inafanyika". Kanuni tuliiweka wenyewe: kadi inasogezwa na mwenye nayo tu. Sasa mwenye nayo tumemzika kwao Bisibo. Na mimi niliyejisomesha kwa kutengeneza simu za watu pale Benaco, ninayejua kila kitu kina pa kufungulia, nilishika chepe nikakosa pa kuanzia.

Tuliporudi chuoni tulifanya kikao cha kusimama kama kila asubuhi. Jana ulifanya nini, leo unafanya nini, umekwama wapi. Mwenzetu Jumanne akamaliza zamu yake. Baada ya Jumanne huwa ni wewe. Hatukupanga, Avelina, lakini tulinyamaza sote, muda uleule ambao ungeongea. Unakumbuka mtu akizidisha maneno ulivyokuwa ukisimama kwa mguu mmoja kama korongo mpaka akome? Siku hiyo hakuna aliyezidisha.

Mwalimu akaja, akaisoma kadi yako: "Dereva wa mlimani anapotea." Akasema kwa upole, "Kazi ikizidi muda, punguzeni kazi. Hiyo iondoeni." Ndiyo njia tuliyofundishwa, najua, unamwonyesha mtumiaji kipande kinachofanya kazi, kingine unakiacha. Lakini iliniuma. Programu yetu ni ya mama mjamzito wa Keza, kule mpakani na Burundi, kubonyeza mara moja, simu imtafutie bodaboda aliye karibu naye. Tulikuwa na madereva sita wa majaribio, na mmoja tu, Bukuru, anakaa kule juu kabisa. Huyo ndiye ramani ilikuwa inampoteza. Ukimwondoa yeye, umewaondoa na wanawake wote wa kilima kile. Sita kutoa mmoja, pale, si tano. Nikasema, "Hiyo haitoki." Jumanne akanijibu, "Basi ibebe wewe, mwanahesabu." Nikaandika jina langu chini ya lako.

Sote tuliamini ni milima inaziba satelaiti. Siku ile ya kwanza tulipopanda, wewe umekaa juu ya jiwe kubwa kileleni Keza, simu yako ikaleta ujumbe wa kukukaribisha Burundi. Ukacheka: "Nimekuwa mgeni bila kunyanyuka!" Tukacheka na wewe, tukashuka. Jibu lilikuwa palepale, tukalicheka.

Nilipanda tena na Bukuru. Pikipiki ikachoka, tukaisukuma. Kule juu simu yake ikanasa mtandao wa ng'ambo. Akaniambia, "Fundi, simu yangu imehamia Burundi bila pasipoti. Tena angalia, kila nikifika hapa napewa saa moja ya bure."

Saa! Huku ni saa nne, kwao saa tatu. Programu yetu inamwonyesha tu dereva aliyejulisha alipo ndani ya dakika kumi zilizopita. Bukuru alikuwa anajulisha sasa hivi, simu inaandika kuwa ni saa moja iliyopita. Yuko pale mzima, injini inanguruma, na sisi tunamhesabu kama mtu aliyeondoka zamani.

Nilikaa chini. Ungeniambia, "Laurian, acha kuhesabu, tazama." Nikatazama. Mabonde ya nchi mbili, moshi wa majiko huku na kule, huwezi kujua upi ni wa nani. Mtandao unaapa tuko Burundi. Na kidoti cha buluu kwenye ramani kimetulia juu ya jiwe lako, hakitikisiki, kimeshikwa na satelaiti tisa ambazo sijawahi kuziona. Mimi ni mtu wa bisibisi, siamini nisichokifungua. Lakini mwili ulinisisimka. Kitu kilicho juu kiasi kile, hakijui mpaka, hakijui nani kasoma na nani hajasoma, na bado kinajua ni jiwe lipi. Nilivua kofia. Bukuru akaniuliza kama naumwa.

Dawa yenyewe ilikuwa mistari minne ya programu. Tuliacha kuuliza kila simu saa ngapi. Sasa kompyuta moja, inayopokea taarifa zote, ndiyo inayoshika saa.

Kisha Jumamosi, tukiwa bado kwenye majaribio, mtu akabonyeza kweli. Mkwe wa jirani yake Bukuru, uchungu umeanza. Bukuru akatokea wa kwanza. Sisi tuko chini, zahanati, tunatazama kidoti kikishuka kona kwa kona. Kikasimama. Jumanne akaanza kuomba dua. Kumbe Bukuru anamrekebishia mama kitenge kisinase kwenye gurudumu. Kikaendelea. Walipofika, mama akashuka kwa miguu yake, akauliza choo kiko wapi. Hajui jina lako. Kabla hatujaondoka tukasikia mtoto analia, na mimi nilitoka nje nikalia pamoja naye.

Kinachonikera ni kimoja. Ulitoka Bisibo ukajenga kitu cha Keza, na kwenu, nikifungua ramani, ni kijani kitupu. Hakuna njia, hakuna nyumba. Sikubali. Likizo hii nakuja. Nitampa baba yako shikamoo yake, anionyeshe vichochoro vyote, nitembee na simu mkononi mpaka kila mlango wa kule upatikane na anayeutafuta.

Na nikifika nitapita ulipolala. Simu nitaizima. Pale najua njia.

Lala salama, mwenzangu.

Laurian