Ujumbe wa Arobaini

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Anajulikana kazini na mtaani kama Bi Kasoro. Jina la cheti liko kwenye fomu iliyoambatanishwa.
Umri: Miaka 38.
Kazi: Mjaribu programu za kompyuta, katika kampuni inayotengeneza mifumo ya zahanati.
Makazi: Nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili, nyuma ya kiwanda cha magodoro. Anaishi na mama yake mzazi na mwanawe mmoja.
Tarehe: Alhamisi, tarehe 14. Yameanza kuandikwa saa 8:35 mchana.

Afande, naomba uandike haraka, na ukiona nimeanza kulia usinisubiri ninyamaze. Saa kumi kamili jioni hii kuna mama atafika zahanati na watoto wake wawili, na mumewe, ambaye yeye mama amemkimbia, huenda anamsubiri. Mimi ndiye niliyempa mume mahali na saa. Sikumwambia kwa mdomo, lakini ni mimi.

Nimefanya kazi ya kujaribu programu kwa miaka tisa. Natafuta ubovu kabla mteja hajaupata, ndiyo maana wakaniita Kasoro. Jina lenyewe silichukii. Mama yangu husema hata mchumba alinikimbia kwa sababu nilimkagua mno.

Katika kazi hii tunatumia wagonjwa wa kubuni. Nilikuwa nao mia tatu, wote nimewazaa mimi: Bwana Kikombe Sahani, Bi Jumatatu Jumanne, mtoto Sufuria. Wana umri, uzito na tarehe za chanjo. Namba ya simu ya wote ni moja, ya simu ya zamani inayokaa kwenye droo yangu, ili ujumbe wowote tunaotuma kwa majaribio uishie humo. Kanuni imebandikwa ukutani kwa wino mwekundu, kwamba mgonjwa wa kweli haingii chumba cha majaribio. Niliyeiandika ni mimi.

Mkuu wetu wa teknolojia tunamwita Mpyampya. Si mtu mbaya. Shida yake ni kwamba kila kitu kipya kikitoka lazima awe wa kwanza kukionja. Mwaka juzi ilikuwa miwani ya kuonea vitu visivyokuwepo. Mwaka jana zilikuwa ndege ndogo za kubeba dawa, na mpaka leo ziko stoo zinakula vumbi. Mwezi uliopita alirudi kutoka kwenye kongamano na akili bandia. Ni programu inayosoma faili la mgonjwa na kujiandikia yenyewe ujumbe wa kumkumbusha miadi, kwa lugha ya upole kama ya muuguzi. Alitupa wiki tatu tuipime, tuone kama inafaa kuingizwa kwenye zahanati zote tunazohudumia.

Mnamo Ijumaa tarehe 8, saa 4:00 asubuhi, aliniita mezani kwake. Alikuwa ameijaribu programu kwa wagonjwa wangu, na ujumbe wote ulitoka mkavu, wa kufanana. Aliniambia wagonjwa wangu wana adabu mno, hawana historia, kwa hiyo programu haina cha kujifunza. Alitaka data za kweli. Nilikataa, nikamwonyesha ile karatasi ya ukutani. Alinijibu, "Kasoro, dunia inakimbia, wewe umekaa unamlinda Sufuria." Wenzangu walicheka. Na mimi nilicheka, na hapo ndipo nilipoanza kuteleza.

Tulikubaliana nichukue nakala ya wagonjwa arobaini wa kweli niwavishe barakoa. Ndivyo tunavyoita kule kazini kubadilisha kila kitu kinachomtambulisha mtu. Jumatatu tarehe 11 niliifanya kazi hiyo kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri. Nilibadilisha majina yote, tarehe za kuzaliwa, mitaa, namba za vitambulisho. Namba zote za simu nikaweka ile ya droo. Siku na saa za miadi na matawi ya zahanati niliviacha vilevile, maana bila hivyo programu haina cha kukumbusha, na nilijua hakuna ujumbe utakaotoka nje ya droo. Nikakagua mara mbili. Nikajaza fomu kwamba data ni salama, nikatia sahihi.

Afande, chini kabisa ya faili la mgonjwa kuna kisanduku ambacho muuguzi huandika lolote kwa maneno yake mwenyewe. Sikukigusa. Orodha yangu ya vitu vya kuficha niliitengeneza zamani kwa kuwafuata wagonjwa wangu wa kubuni, na kwao kisanduku hicho kilikuwa kitupu siku zote. Sufuria hakuwahi kupigwa. Bi Jumatatu hakuwahi kuhama nyumba na watoto mgongoni, na hakuna muuguzi aliyewahi kuwa na la kuandika juu yake. Mimi ninayelipwa kutafuta kasoro sikutazama chini ya ukurasa.

Jumanne tarehe 12, saa 5:00 asubuhi, tulikutana chumba cha mikutano. Walikuwepo Mpyampya, wakurugenzi wawili na mwuzaji wa programu ile. Mpyampya alinitaka nifungue njia ya kutuma ujumbe wa kweli, ili wakurugenzi wasikie simu ikilia. Nilifungua. Nilikaa karibu na mlango na simu ya droo mkononi. Programu ilituma ujumbe arobaini kwa dakika mbili, simu ikawa inalia mfululizo na watu wanacheka. Mimi nilikuwa nahesabu. Ulifika thelathini na tisa.

Saa 5:26 jibu lilitokea kwenye skrini ya ukutani. Lilisema, "Asante sana daktari. Tutafika bila kukosa." Chumba kizima kilipiga makofi, na Mpyampya akamkumbatia mwuzaji. Simu ya droo ilikuwa kiganjani mwangu na sikuwa nimeandika kitu.

Nilimvuta Mpyampya pembeni nikamwambia kuna ujumbe mmoja haujafika, na kwamba jibu lile halikutoka kwenye simu yangu. Alisema huo mmoja ni mtandao, na jibu labda mwuzaji amelipanga kunogesha mambo. Akaniomba nisimharibie siku. Basi nikajitia hamnazo. Siku ile, na jana kutwa, nilivaa miwani ya mbao. Nilirudi nyumbani, nikamsaidia mwanangu hesabu zake, nikala, nikalala. Pa kutazama nilipajua, na sikutazama kwa sababu nilihofia nitakuta sahihi yangu.

Leo saa 6:40 mchana nilishindwa kuvumilia, nikafungua kumbukumbu za mfumo. Ujumbe wa arobaini ulikwenda kwa namba ambayo haikuwa yangu. Nilifuata namba hiyo mpaka kwenye kisanduku cha chini cha faili moja. Nimenakili alichoandika muuguzi:

"Mama Pacha asitafutwe kwa namba hii ya zamani, ni ya mume, anampiga. Amehama, kwa sasa hana simu. Kliniki ya watoto tawi la tatu, apite mlango wa nyuma."

Namba yenyewe nimekuandikia kwenye karatasi ya pembeni. Programu iliona namba ya droo imejirudia kwa watu arobaini, ikaamua si ya mtu. Ikatafuta nyingine; kwa wale thelathini na tisa haikuiona, kwa huyu ikaipata kwenye kisanduku. Neno "asitafutwe" halikuizuia. Hata jina nililomvisha yule mama ililiacha, ikaona la kwenye kisanduku lina upendo zaidi. Huu ndio ujumbe uliomfikia mume Jumanne saa 5:22 asubuhi:

"Habari Mama Pacha. Tunakukumbusha kliniki ya watoto wako, Alhamisi tarehe 14, saa kumi jioni, tawi la tatu. Kwa usalama wako tafadhali pita mlango wa nyuma."

Niliposoma nilitafuta jina la muuguzi aliyeandika.

Muuguzi aliyeandika kwenye kisanduku ni wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Nilimpigia saa 6:52. Nilimsomea ujumbe wote. Kisha akasema, "Wifi, mara ya mwisho alimvunja mkono akiwa amembeba mtoto." Aliniambia mapacha wana miezi saba. Mama yao amejificha kwa watu ambao hata yeye wifi hawajui, na hapatikani popote isipokuwa pale zahanati, siku ya miadi.

Saa 7:15 nilimweleza Mpyampya. Alikaa kwenye kiti akashika kichwa kwa mikono miwili, na nilimwonea huruma, kwa sababu nilijua hakukusudia hili. Halafu akasema tusubiri kwanza mwanasheria wa kampuni, atafika saa kumi na moja. Nilimwambia saa kumi na moja ni baada ya saa kumi. Akaniambia, "Kasoro, ukienda polisi tumekwisha sote." Nilichukua mkoba nikatoka. Nimefika hapa saa 7:50, nikaambiwa nikae kwenye benchi nisubiri zamu yangu, nikakaa dakika arobaini na tano na roho mkononi. Sikulaumu wewe, Afande. Hiyo ni mara yangu ya pili wiki hii kukaa na kunyamaza, na sitarudia.

Wifi ameomba ruhusa kazini na amekwenda tawi la tatu. Wauguzi wa pale wamekubali kumfungia Mama Pacha ndani mara tu atakapoingia. Lakini hatari iko kabla hajaingia. Mlango wa nyuma una njia mbili za kuufikia, ya juu na ya chini, na anayemjua yule mama kwa sura ni wifi peke yake, kwa kuwa leo ndiyo mara yake ya kwanza kuja tawi lile. Amesimama njia ya juu. Njia ya chini haina mtu. Nilitaka kwenda kusimama mimi, lakini simjui mama, simjui baba, na hata ningewajua, mimi ni mwanamke mwenye mkoba wa kompyuta.

Kuna jambo moja tu linalonipa moyo. Tawi la tatu halina bango. Limejibanza nyuma ya duka la vioo, na sisi wenyewe tulipokwenda kufunga mfumo tulizunguka nusu saa nzima tukipishana nalo. Zahanati ilipachagua pale makusudi kwa ajili ya kina mama kama huyu. Anayelijua ameelekezwa na mtu. Kwa hiyo nasema labda mume hajui lilipo. Nimeng'ang'ania hiyo labda tangu saa saba.

Sijali kufukuzwa kazi. Mkitaka kunishtaki nishtakini, sahihi yangu iko kwenye fomu na sitaikana. Nifungeni kesho. Leo naomba askari mmoja tu wa kusimama njia ya chini kwa saa moja.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya kwa mkono wangu. Nimesomewa yote na sina la kupunguza. Naomba twende.

(Sahihi) Bi Kasoro

DOKEZO LA ASKARI MWANDISHI WA MAELEZO

Nimemaliza kuandika saa 9:18 alasiri. Shahidi ana akili timamu, ametoa maelezo kwa hiari yake. Amekataa maji.

Nimelinganisha namba ya simu aliyoitoa na kitabu cha taarifa cha kituo. Namba hiyo imo. Jana, Jumatano tarehe 13, saa 3:15 asubuhi, mwanamume mwenye namba hiyo alifika kaunta akilia. Aliripoti kupotelewa na mke na watoto mapacha, akaonyesha ujumbe wa zahanati kwenye simu yake. Alisema ameuliza mtaa mzima na hakuna anayelijua tawi la tatu. Aliyekuwa zamu kaunta ni mimi. Nilimpa pole, nikamchorea ramani hadi mlango wa nyuma, nikamshauri apite njia ya chini kwa kuwa ni fupi.

Shahidi sijamwambia. Saa 9:23 naondoka na askari wawili.