Kikao cha Dharura Kuhusu Leso ya Tarumbeta ya Kwanza

KAMATI YA WAZAZI WA BENDI YA SHULE
Jumanne, saa kumi jioni, chumba cha muziki

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti (fundi cherehani, mjomba na mlezi wa Tarumbeta ya Pili)
2. Mwalimu wa Bendi
3. Muuguzi (mama wa Ngoma Kubwa)
4. Mzee Tuba (babu wa mpiga tromboni, mwenyewe alipiga tuba miaka thelathini na moja)
5. Katibu (mama wa Tarumbeta ya Kwanza, yaani Chiriku, ambaye shule nzima inamjua)

ASIYEHUDHURIA
Mtunza Vyombo, kwa taarifa. Anauguza.

WALIOITWA
Chiriku, miaka kumi na minne, na Tarumbeta ya Pili. Walisubiri nje barazani.

KUMB. NA. 1/4: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 10:12 bila salamu ndefu. Alieleza kwamba mashindano ni Jumamosi na kwamba wimbo unaanza na Tarumbeta ya Kwanza peke yake, inapanda hadi noti ya juu na kuishikilia mapigo manane. Ikikatika pale, bendi nzima imekwisha.

Mzee Tuba aliuliza kama ni sawa mjomba wa Tarumbeta ya Pili kuongoza ajenda hii, ilhali nafasi hiyo ikiachwa itamwendea mpwa wake. Mwenyekiti alijibu kwamba hata mwandishi wa kumbukumbu ni mama mzazi. Mzee Tuba alisema, "Basi humu asiye na mtoto ni viti tu. Tuendelee."

KUMB. NA. 2/4: LESO
Kila mpiga tarumbeta hutembea na leso nyeupe mfuko wa kushoto, ya kufutia mate kwenye kidomo cha chombo. Mwenyekiti alisema alipokuwa akipunguza mikono ya sare ya Chiriku alikuta leso mfukoni. Aliitoa kwenye mfuko wa plastiki na kuitandika mezani. Ilikuwa na damu, duara zima, saizi ya kidomo.

Feni ilizimwa, haijulikani na nani.

Katibu aliulizwa kama alijua. Katibu alieleza kwamba Chiriku alifungwa waya za meno wiki tatu zilizopita, na zimemkaa vizuri, daktari mwenyewe alisema hajapata kuona mtoto jasiri kama yule, hakutoa hata chozi. Mwenyekiti alirudia swali.

Katibu alikiri kwamba alijua. Leso kumi na moja amezifua kwa mkono, maji baridi na chumvi, kabla baba mtu hajaamka. Hii ya kumi na mbili ilimponyoka. Hakusema kwa sababu mtoto alimshika mkono akasema, "Mama, ukisema wataninyang'anya." Na mama gani angesema?

Mwenyekiti alisema, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye." Katibu alijibu kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwenyekiti aliomba maneno hayo yafutwe. Hayakufutwa.

KUMB. NA. 3/4: HALI YA MDOMO
Chiriku aliitwa ndani. Aliwaamkia wote, shikamoo mmoja mmoja, kama alivyolelewa. Muuguzi alimgeuza mdomo wa juu kwa kidole na kumulika kwa tochi ya simu. Aliripoti vidonda vitatu upande wa ndani, kimoja kirefu kama punje ya mchele, chuma kimejichora pale pale. Alisema akikandamiza kidomo hivi wiki nyingine, kovu litakuwa gumu, na mdomo wenye kovu gumu haupigi tarumbeta, si Jumamosi hii wala nyingine yoyote.

Katibu aliomba dakika moja. Mwandiko wa hapa usamehewe.

Iliulizwa kuhusu waya kutolewa kwa muda. Chiriku alisema daktari wa meno amekataa, zinakaa mwaka na nusu. Alipewa nta ya kufunikia vyuma, lakini akiweka nta mdomo unavimba mbele na kidomo kinateleza.

Mwalimu wa Bendi alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye ndiye aliyewafundisha kukandamiza ili noti ya juu itoke. Ndivyo naye alivyofundishwa. Mzee Tuba alimwambia, "Mwalimu, mdomo si msumari, wa kugongomelewa ukutani. Noti ya juu inatoka tumboni."

Mwenyekiti alipendekeza Tarumbeta ya Pili achukue nafasi leo hii. Chiriku hakulia. Alitazama viatu vyake. Afadhali angelia.

KUMB. NA. 4/4: JARIBIO LA UZI
Mzee Tuba aliomba uzi. Mwenyekiti, kwa shingo upande, alitoa mkobani uzi mnene wa kushonea mabegi. Mzee alipanda juu ya meza, Muuguzi akimshika miguu na kumwambia, "Babu, ukianguka mimi sipo kazini." Tarumbeta ilining'inizwa kwenye ndoano ya dari, usawa wa kinywa. Ilielezwa kwamba mpigaji atafunga mikono nyuma na kupiga noti ya juu, kwa kuwa haihitaji vidole. Akisukuma kwa mdomo, chombo kinamkimbia.

Tarumbeta ya Pili aliitwa aanze. Alisukuma, tarumbeta ikaenda hadi karibu na ubao na kurudi kumgonga pua. Alijaribu mara nne. Kisha alisema, "Mjomba, hata mimi nakandamiza. Naumia pia, nilikuwa sisemi." Mwenyekiti alikaa chini.

Chiriku alisogea. Alimwambia Katibu, "Mama, usinitazame." Katibu alitazama daftari, kwa hiyo yanayofuata aliyasikia tu.

Mara ya kwanza: pumzi, na chombo kuyumba. Mara ya pili: sauti ilikatika kama kikombe kinavyopasuka. Mwenyekiti alisema, "Inatosha." Muuguzi alisema, "Mwache." Mara ya tatu palikuwa kimya kirefu, Katibu akadhani mtoto ameondoka. Halafu ikatoka noti, nyembamba, haina mtetemo. Mwalimu alihesabu mapigo kwa kugonga meza. Yalifika sita.

IKAAZIMIWA KWAMBA:
Tarumbeta wote wawili wafanye mazoezi kwa uzi kila jioni, Mzee Tuba akisimamia. Chiriku abaki na nafasi yake hadi Ijumaa. Ijumaa saa kumi Mwenyekiti atakagua leso yake mbele ya wote. Tone moja tu, na Tarumbeta ya Pili ataanza wimbo, na Katibu hatabisha.

Ikaazimiwa pia kwamba Katibu asifue leso yoyote hadi siku hiyo.

Chiriku alitoa leso nyingine, akafuta kidomo na kuiweka mezani. Wajumbe walisimama wakaikagua, Mwenyekiti akaigeuza pande zote mbili. Leso imebanwa kwa pini nyuma ya ukurasa huu. Ilikuwa nyeupe.

Kikao kilikwisha saa 11:40. Uzi uliachwa darini.

Mwenyekiti: .......................... (uzi wangu urudishwe Jumapili)

Katibu: .......................... (mama yake)